Leso Haipimwi

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama, saa nane usiku.
Kiyoyozi kinakohoa kama mtu aliyelala dirisha wazi.
Luku ya jengo imebaki uniti kumi na moja;
nimezisoma mwenyewe, sikumwachia mlinzi.

Naijenga upya hifadhidata kutoka kwenye msimbo wake,
juu ya Linux ile ya kulipiwa,
inayokuja na mkataba na namba ya msaada,
namba ambayo saa hizi inapiga muziki tu.
Mistari inapanda kwenye kioo, faili baada ya faili,
nami nimekodoa macho
kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ubaoni.

Kazi yenyewe ni hii.
Swali likifika, injini ya zamani
hulisoma upya kwa kila mstaafu:
hii ni tarehe? hii ni namba? hapa pako tupu?
Wastaafu laki tatu na elfu arobaini,
na kila mmoja anahojiwa
kana kwamba ndiye wa kwanza kufika dirishani.
Hii mpya hulitazama swali mara moja,
kisha papo hapo, likiwa bado la moto,
hulishonea msimbo wa mwili wake,
kwa lugha ambayo chuma hakihitaji mkalimani.

Ripoti ya mwisho wa mwezi:
dakika tisa zikawa mbili na sekunde kumi na nne.
Nikapiga meza kwa furaha.
Chambulila, mlinzi, akapanda mbio na tochi.

Halafu nikauliza kitu kidogo.
Jina moja, namba moja ya uanachama:
Anyelwisye Mwakatobe, mkunga, Temeke, kastaafu.
Jana jibu lake lilikuwa kufumba na kufumbua.
Leo mashine ikatandika kitambaa,
ikanoa mkasi, ikatafuta chaki,
na mama wa watu akasubiri.

Asubuhi nilishuka kwa Mwanakombo,
cherehani yake iko chini ya ngazi zetu.
Sikumwambia habari za seva.
Nilimuuliza tu: wewe hupima kila kitu?
Alijibu pini zikiwa midomoni:
"Suti napima. Sare za shule napima,
nakata thelathini kwa mkupuo.
Leso? Nani anapima leso?
Na usiegemee hapo, kuna pasi."

Kwa hiyo kizingiti.
Kiwandani wamekiweka laki moja.
Laki ya nini? Si shilingi, si sekunde;
ni makisio ya uchovu,
injini ikijikadiria jasho kabla haijatoka.
Nikapandisha hadi laki tano.
Anyelwisye akarudi kwa kufumba na kufumbua.

Usiku wa pili ningelala.
Majaribio mia mbili na sita, yote *sawa*,
isipokuwa moja, ambalo halikulalamika,
lilikufa tu, na kuiangusha seva nzima
bila hata neno la kuaga.
Nikatafuta mpaka saa kumi.
Jumapili, mfumo ulijisasisha wenyewe, kwa adabu zote:
maktaba ya kukusanya msimbo ni toleo la kumi na saba,
nami nilijenga kwa la kumi na sita.
Uzi mpya, tundu la sindano la zamani.
Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloudhi.

Ningeweza kuzima kipengele chote.
Mstari mmoja, neno moja, nikalale Sinza.
Ripoti ingerudia dakika zake tisa
na hakuna ambaye angeniuliza.

Nimefuta. Najenga tena.
Luku, uniti nne.
Chambulila ameniletea chai ya rangi,
anauliza kama kile kishindo kitarudi.
Sijui, namwambia. Kaa.

Sawa. Sawa. Sawa.
La mia na themanini na nne linasita.
Chini ya ngazi
mtu anavuta kiti, anawasha taa,
na cherehani inaanza.